Mbuzi za Shangazi

Kila tunapofika kwenye somo la familia katika elimu ya raia, hakosi mwanafunzi mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, bibi akitoka nyumbani bila ruhusa ya bwana, akaenda akamkuta bwana na mwanamke mwingine, mwenye kosa ni nani?" Kalasi inacheka. Vijana wa nyuma wanajibu kwa sauti moja kwamba bibi njo alianza. Wasichana wananyamaza. Sisi nasi tunageuka kufuta ubao pole pole, hata kama hauna kitu, ili tupate muda. Swali hilo hatukulisikia mara ya kwanza kalasini. Tulilisikia barazani huko Mubi, wilaya ya Walikale, mwezi wa nane mwaka wa 2006, na aliyesimama mbele ya wazee alikuwa yaya yetu mkubwa, tumbo moja.

Sisi ni Wahunde wa Masisi. Bwana wa yaya ni Mnyanga wa Walikale, na ndoa za namna hiyo kwetu si habari ya kushangaza, Wahunde na Wanyanga wameoana tangu zamani. Mahari ilitoka vizuri, mbuzi walihesabiwa mbele ya watu, kasiksi ikanywewa. Shemeji hakuwa mlevi wala mpigaji. Tunasema hivyo kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya bwana mbaya wanafikiri mara moja fimbo. Yeye fimbo yake ilikuwa hesabu. Alipima unga asubuhi kwa kikombe. Alijua sabuni ilibaki kipande gani. Yaya alipokwenda kisimani, aliulizwa kwa nini amekawia, na alipokwenda kanisani aliulizwa alikaa karibu na nani. Kutembelea mama yetu, nusu saa ya mguu, kulihitaji kuomba siku mbili mbele.

Halafu kasiterite ikaita. Kwa wasomaji wadogo tueleze kidogo. Tangu mwaka wa 2002, mlima wa Bisie ulipojulikana, porini kule Walikale, wanaume wa Kivu nzima walikimbilia kule. Wachimbaji waliingia mashimoni, wabebaji walitembea siku mbili msituni na magunia mgongoni mpaka Njingala, kisha mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe ya lami kama vile motokari, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Mubi na Njingala, vijiji vya kando ya njia, vikawa miji ya haraka, yenye bia, muziki na nyumba za mbao. Shemeji akataka kuwa mnunuzi. Mtaji hakuwa nao. Yaya alikuwa na dola 280 za likelemba, pesa ya maharagwe na nguruwe, miaka minne ya kuchanga na bamama wenzake. Akampa zote. "Ni bwana yangu," alituambia, "nimpe nani mwingine?"

Bwana akaenda, na ulinzi akauacha nyuma. Alimweka mdogo wake katika paseli, ati amsaidie yaya kazi za kiume. Kazi yake ilikuwa kutazama mlango. Ikawa sasa ruhusa inaombwa kwa kijana wa miaka kumi na tisa, na jibu linangoja mpaka fonii ifunguliwe siku ya sokoni, kaka aulizwe kule Walikale.

Ni fonii hiyo hiyo iliyoleta habari. Siku moja kijana alikuwa na malaria, akamtuma yaya kupokea ujumbe. Mwenye fonii, mzee mwema asiyejua lolote, akamsomea alivyoandika: familia iambiwe kwamba bwana fulani amepata mtoto kijana huko Mubi, mama na mtoto wako salama, jina lake ni la babu. Yaya akashukuru, akalipa, akarudi nyumbani. Akapika. Usiku akaja kwetu kwa njia ya mashamba, miguu imejaa matope, akasema, "Mdogo wangu, uko likizo. Unisindikize."

Ndivyo tulivyoondoka, siku chache baada ya kura ya tarehe 30 Julai, ile kura ya kwanza ya maisha yetu. Sisi tulikuwa ndio kwanza tumetoka ISP na graduat mkononi, tukijiona tunajua dunia. Mpaka Nyabiondo tulipanda pikipiki. Baada ya hapo ni miguu, kupita Kashebere na kuingia msitu wa Walikale, na kila penye kamba katikati ya njia palikuwa na vijana wenye bunduki wa kulipa. Kila kizuizi waliuliza jambo moja: bwana zenu wanajua? Yaya alijibu kila mahali, "Njo tunaenda kumwambia." Tulicheka mpaka tulipofika mbali nao. Usiku, katika vibanda vya watu wasiotujua, hatukucheka.

Mubi tuliikuta nyumba bila shida, kila mtu alimjua. Nyumba ya mbao, bati mpya. Yaya aliitazama bati ile muda mrefu kuliko alivyomtazama mwanamke aliyetoka mlangoni. Alikuwa anahesabu. Mwanamke mwenyewe alikuwa mtoto tu, labda miaka ishirini, kitambaa cha uzazi bado kiunoni. Yaya alikuwa ametayarisha maneno njiani, tulikuwa tumeyasikia mara nyingi, maneno makali. Yule binti akasema, "Karibuni bamama, lakini msikae nje, bwana yangu hapendi nionekane na wageni, na mimi siruhusiwi kutoka kutafuta kiti cha jirani."

Maneno makali yakaishia pale. Yaya alikaa chini kwenye mkeka, akaomba maji, akaomba amshike mtoto. Baadaye kidogo akauliza, "Anakupimia unga na kikombe?" Binti akashangaa mama huyu amejuaje. Watu wa mjini wanasema "biro ya pili" kama kwamba ile ni ofisi ya starehe. Tuliyoiona sisi ilikuwa na kufuli ile ile ya biro ya kwanza. Hata hivyo tusiseme uongo: usiku ule yaya alilia, na si kwa huruma ya binti. Alilia kwa wivu na kwa dola 280.

Shemeji alirudi kutoka Bisie siku ya tatu. Hakutusalimia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ulitoka na ruhusa ya nani?" Hilo tu. Aliliuliza akiwa amesimama katika mlango wa nyumba ya bibi mwingine, mtoto wake analia ndani, na aliuliza kwa haki kabisa, kama mtu aliyeibiwa. Yaya akajibu, "Na weye ulijenga na ruhusa ya nani? Miye ni bibi yako, siko mfungwa wako. Leta pesa yangu." Majirani wakatoka. Ndipo alipodai baraza, yeye mwenyewe, akiwa na hakika ya kushinda.

Na kweli alianza kushinda. Wazee walimwuliza yaya kwanza habari ya kutoka bila ruhusa, kuacha watoto, kutembea porini. Kulikuwa na karani mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi ya serikali, akaleta sheria kichwani mwake: Kodi ya Familia ya 1987, bwana ndiye kichwa cha nyumba, bibi anapaswa kumtii. Hakusema uongo. Iliandikwa hivyo katika kifungu cha 444, na kifungu cha 448 kilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria lenye kumfunga afanye kazi fulani yeye mwenyewe. Hata uzinzi haukupimwa kwa kilo moja: wa bibi ulikuwa kosa moja kwa moja, wa bwana ulikuwa kosa ukiwa umefanyika kwa namna ya kumtukana bibi vikali. Sisi tulijaribu kusema kwamba kodi hiyo hiyo inakataza bwana kuoa wa pili, na kwamba hata Wabeljiji walishaandika dekreti ya kukataza mwaka wa 1950. Tukaambiwa mwalimu anyamaze, hajaolewa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyeketi nyuma, na fimbo yake na kikoba chake. Alikuwa dada mkubwa wa shemeji, shangazi ya watoto wa yaya. Binti wa nyumba ile ndiye aliyemtumia mtu kumwita, kwa siri, na jambo hilo tulilijua baadaye sana. Alisimama bila kuomba neno. Akamwambia ndugu yake: "Mbuzi ulizomwolea huyu mama zilitoka wapi? Si ni zangu? Miye nilipoolewa, baba yetu alizipokea, na zile zile zikakwenda Masisi. Kwa hiyo nyumba yako imesimama juu ya mgongo wangu. Unamdharau, unanidharau miye. Eleza hapa mbele ya watu ulivyofanya na pesa yake."

Kimya. Yule karani alitazama chini. Hakuna sheria ya kitabu aliyoweza kuileta pale. Kwa mahari ya dada kaka anaoa, basi dada ana neno katika ndoa ya kaka. Kila mzee pale aliijua desturi hiyo kuliko sisi, ila hakuna aliyeitaja mpaka mwenyewe aliposimama.

Wanyanga wanayo hadithi ya Mwindo, ile ambayo Biebuyck na Mateene waliitoa katika kitabu mwaka wa 1969, kama alivyoiimba mzee Candi Rureke mwaka wa 1956. Tumeifundisha mara nyingi, na wanafunzi wanapenda vita na safari ya chini ya ardhi. Tangu Mubi sisi tunaisoma kwa jicho lingine. Baba yake Mwindo, Shemwindo, mwenye mabibi saba, anawaamuru wasizae kijana hata mmoja. Bwana anayetawala hata tumbo! Shangazi, Iyangura, ameolewa na Mukiti wa majini, naye anawekewa mlinzi, Kasiyembe, ili asitoke. (Tulipofika hapo kwa mara ya kwanza kalasini tulimkumbuka kijana wa fonii tukashindwa kuendelea.) Na mwishoni Shemwindo anaketishwa barazani, anaungama kosa lake mbele ya watu wote, na shangazi anasema naye waziwazi. Wanaotuambia kwamba desturi ni utii tu wamesoma nusu ya hadithi.

Shemeji alieleza. Kwa sauti ndogo, lakini alieleza. Wazee walimtoza mbuzi mmoja na kasiksi, na wakaamua dola 280 zirudi. Zilirudi 150, kwa vipande. Yule binti hakufukuzwa, na yaya hakuomba afukuzwe. Aliomba mdogo wa shemeji atoke katika paseli, akatoka.

Hatusemi ndoa ilipona. Mwezi wa tisa mwaka wa 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu na Maniema, na katazo lilidumu mpaka mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Shemeji alirudi Masisi na koti moja. Yaya alimpokea, akampa chumba na chakula. Biashara yake ya maharagwe hakumwonyesha, na likelemba aliificha kwetu, katika sanduku la vitabu.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana. Tuliibeba tukamsomea yaya jikoni, kwa furaha ya mwalimu. Aliendelea kuchambua maharagwe. Akauliza kama imeandikwa ndani yake kwamba pesa iliyobaki, dola 130, italipwa. Tukasema hapana. "Basi," akasema, "tukimaliza hapa nisindikize kwa shangazi, tunamdai mzee huyu bado."