Kikonyo Kibichi

Okidi yangu ya dirishani, ile aina ya Phalaenopsis iliyozoeleka vitaluni, ilichanua mara tatu kwa kikonyo kimoja. Maua yakipukutika na kikonyo kikabaki kibichi, unakikata juu kidogo ya fundo la pili au la tatu kutoka chini. Mara nyingi tawi jipya huchomoza hapo hapo na kutoa maua ndani ya wiki 8 hadi 12. Nilijivunia ujuzi huo. Mara ya kwanza nilipata maua 9, mara ya pili 6. Mara ya tatu yalikuja matatu, madogo, na bado nikaita majirani waje kuyaona.

Sikuwa nimetazama chini. Majani yalibaki mawili, yamelegea na kukunjamana.

Mzee mmoja wa hapa mtaani Arusha, aliyefanya kazi ya bustani miaka mingi, ndiye aliyeyaona.

“Mwanangu, hii umeikamua. Kata kikonyo chote.”

“Lakini babu, bado kibichi.”

“Kibichi ndicho kinachokula.”

Nikaelewa. Okidi nyingine zina vishina vilivyovimba vya kuhifadhia chakula na maji, hii haina. Akiba yake yote imo kwenye majani na mizizi, na kila ua lilikuwa linachotwa humo. Nikapitisha wembe kwenye moto, maana virusi vya okidi huenezwa na kisu, nikakata karibu na shina, nikapaka kidonda unga wa mdalasini.

Nikiwa nimekishika kile kikonyo, nilimkumbuka dada yetu mkubwa. Alilipa ada yangu, kisha za wadogo zangu wawili, kisha matibabu ya baba, kisha harusi. Hakuwahi kukataa, nasi tukadhani kutokataa kwake ndiyo uwezo. Tulimsifu kila mara. Hakuna aliyemuuliza yeye anakula nini. Jioni ile niliwapigia wadogo zangu simu: mwaka huu hakuna kumpelekea dada ombi lolote. Mmoja alikasirika, akaona ninamvua dada heshima ya ukubwa wake. Sikubishana naye, ila sikurudi nyuma.

Baridi ya Juni na Julai, ambayo huamsha vikonyo vipya, imepita na okidi haijachanua. Imetoa jani moja pana na mizizi miwili yenye ncha mbichi. Dada naye ameezeka upya nyumba yake.