Soda ya Mgeni na Mlenda wa Jikoni

Hivi karibuni, tulipokuwa tumekaa mezani baada ya chakula cha jioni, mwenzangu mmoja aliniambia kwamba katika mambo ya chakula mimi ni mtu wa ajabu, na kwamba siku nitakapothubutu kuyaandika maoni yangu, nusu ya wasomaji watanihama. Nimelifikiria neno lake kwa siku kadhaa. Juma hili, basi, sitafakari fumbo lolote kubwa. Natafakari sahani na bilauri, na mwishoni nitaungama kosa nililolifanya kwa sababu ya maoni hayo.

Nianze na maoni yenyewe, ili atakayetaka kunihama aondoke mapema. Naona ugali wa sembe, ule mweupe kama chokaa, ni chakula kilichonyang'anywa uzuri wake mashineni, kabla hakijafika jikoni. Naona soda si kinywaji cha kumkirimu mtu. Naona chai yenye vijiko vinne vya sukari si chai tena. Naona mlenda ni kitoweo bora kuliko kuku wa kisasa aliyefugwa wiki sita. Kuhusu chipsi mayai nitanyamaza, kwa kuwa nawahitaji vijana wa kwaya.

Mimi nililelewa Dodoma, katika nchi ya vumbi na mibuyu, ambako mvua ni chache na mahindi hukauka kabla ya kubeba. Nyumbani tulikula ugali wa uwele, wenye rangi ya majivu, na wakati mwingine wa mtama. Mboga yetu ilikuwa mlenda: majani yaliyochumwa masika, yakaanikwa juani, yakatwangwa na kuhifadhiwa kwa miezi ya kiangazi, kisha yakapikwa kwa magadi kidogo na, mwaka ukiwa mwema, kwa karanga. Asiyeuzoea mlenda huona aibu namna unavyovutika kutoka chunguni hadi mdomoni. Aliyeuzoea anajua kwamba tonge la uwele lililochovywa humo hushuka lenyewe, na kwamba hata mgonjwa aliyekataa kila kitu hulikubali.

Nilipokwenda shule ya bweni nilikutana na ugali mweupe. Nilikutana pia na kicheko. Tulioitwa wala mlenda tulijifunza upesi kutosema nyumbani tulikula nini, na niliporudi likizo ya kwanza nilimwuliza mama yangu kwa nini sisi hatupiki ugali wa watu. Hakunijibu. Aligeuza ugali wake chunguni, akaendelea. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na swali lile linanichoma hadi leo.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba huo ugali wa watu si wa kale kama tunavyodhani. Mahindi yametoka Amerika, na yalifika Afrika baada ya Wazungu kuanza kuvuka bahari ile mwishoni mwa karne ya 15. Wenyeji wa bara hili ni mtama, uwele na ulezi. Hata weupe wa mahindi una historia yake: mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kenya walieneza mbegu nyeupe, mojawapo ikiwa ile iitwayo Hickory King, iliyotoka Marekani na kufika kwao kwa njia ya Afrika Kusini. Tangu hapo jicho letu limefundishwa kwamba kilicho cheupe ndicho kilicho safi.

Wazee watakumbuka jambo lingine. Katika miaka ya njaa ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi yetu ililetewa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliuita unga ule Yanga, kwa rangi za klabu ya mpira, na waliula kwa manung'uniko, wakisema ni chakula cha mifugo. Walikuwa na haki ya kununa, kwa maana chakula cha msaada kina ladha yake ya pekee ambayo chumvi haiiondoi. Lakini ile rangi waliyoidharau ndiyo iliyobeba viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe karibu hayana.

Kukoboa nako ni vivyo hivyo. Mashine ikikoboa mahindi huondoa ganda pamoja na kiini, na humo ndimo yalimo mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Pumba tunawapelekea kuku na nguruwe. Maana yake ni kwamba tunamlisha kuku sehemu iliyo bora ya mahindi, sisi tunakula masalio, kisha tunamchinja kuku na kusema kwamba huyo ndiye chakula cha heshima!

Hata hivyo sipendi kuwa mwongo kwa ajili ya dona. Sembe ilipata ushindi wake kwa sababu za kweli pia. Unga wa dona una mafuta ya kiini, kwa hiyo hauhimili kukaa. Baada ya majuma machache huanza kunuka. Na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, ambayo kwa wingi hukaa katika zile sehemu zinazoondolewa kwa kukoboa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo nikimsifia mtu dona, ninapaswa kwanza kuuliza mahindi yake yalikaukia wapi, juu ya turubai au juu ya udongo, na yamelala katika ghala la namna gani. Maoni ya mezani ni mepesi kuliko gunia.

Nageukia vinywaji. Sukari ya mililita 330 za soda ya aina ya kola ni gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba ingefaa mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku. Sasa nihesabieni. Mtu wa kazi yangu, akitembelea kaya nne kwa siku moja, huwekewa soda nne. Hakuna anayemwuliza atakunywa nini. Mtoto hutumwa dukani mara tu pikipiki inapoonekana njiani. Hizo ni gramu 140 kabla ya chai ya jioni. Miaka michache iliyopita daktari alinipima, akaisoma karatasi yake mara mbili, akaniuliza kama ninakunywa soda. Nilimwambia kwamba mimi sinywi soda, ila ninanyweshwa.

Kahawa nayo niitaje kwa ufupi. Tunailima Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Ruvuma na kwingineko, sehemu kubwa inapanda meli, halafu katika nyumba zetu mgeni wa heshima anakorogewa unga wa kopo. Ndugu zetu wa pwani ndio waliotushinda kwa hili: birika la shaba juu ya makaa, kikombe kidogo, kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha mazungumzo. Nawaonea wivu.

Sasa niungame nililoahidi.

Siku moja nilifika katika nyumba ya mama mjane, mbali kidogo na barabara kuu. Tulikuwa watu saba au wanane tuliotoka kuwatembelea wagonjwa, akiwamo mzee kiongozi wa jumuiya ile. Tuliketishwa sebuleni, kwenye viti vilivyokuwa vimeazimwa kwa jirani. Nilimwona jirani huyo akivileta. Meza ilitandikwa kitambaa. Wali mweupe ukaja, kuku akaja, na mbele yangu ikawekwa soda ambayo hakuna mwingine aliyewekewa.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kule jikoni niliwaona watoto wamezunguka sinia, na harufu ile niliitambua kabla ya macho: mlenda wa kukaushwa, wenye karanga, na ugali wa mtama. Wasomaji wapendwa, nilikuwa sijaula kwa miaka. Moyo ulinirukia kama wa mtoto. Nikasema kwa sauti, huku nikicheka, mbele ya wageni wote: "Mama, hii soda sinywi, na wali huu wape watoto. Mimi niletee kile wanachokula wao."

Nilidhani nimesema neno zuri. Nilidhani, pengine, kwamba watu wangekwenda kusimulia jinsi nilivyo mtu wa kawaida. Mama yule alisimama na bakuli mkononi, asiseme kitu. Kisha akaenda akaufunga ule mlango wa uani, taratibu, akarudi akaniambia: "Baba, kule hakuna kitu cha kuliwa." Tulikula wali. Hakuna aliyezungumza sana. Soda ilibaki mezani na kizibo chake.

Tulipokuwa tukirudi, yule mzee alinisubiri hadi wenzetu walipotangulia. Akasema: "Baba, uniwie radhi, mimi ni mzee. Yule mama umemvua nguo mbele za watu. Kuku yule alikuwa ndiye jogoo wake. Soda ile imeandikwa katika daftari la dukani. Amehangaika tangu asubuhi usione anachokula, nawe umemtangazia kwamba umekiona."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilitafuta namna ya kujitetea na nilizipata nyingi. Kwamba mimi nasema kweli; kwamba mlenda ni bora; kwamba soda inaniua; kwamba nilikula vyakula hivyo kabla ya huyo mama kuolewa. Zote zilikuwa kweli na hakuna iliyonisaidia. Nililokuwa nimelisahau ni lile swali la umri wa miaka kumi na mitatu. Yule mtoto aliyeona haya kwa sababu ya sufuria ya mama yake alikuwa amekua, akasoma, akapata chakula cha kuchagua, na sasa alikuwa anataka kuonjeshwa haya ya mwingine kama kitoweo.

Baada ya siku tatu nilirudi peke yangu. Sikubeba zawadi, kwa kuwa niliogopa ingeonekana kama malipo ya jogoo. Nilimkuta akipepeta mtama uani. Nilimwomba radhi, nikamsimulia habari za nyumbani kwetu, za uwele na za kicheko cha bwenini, na nikamwambia kwamba nilipoona sinia la watoto wake nilimkumbuka mama yangu. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza alisema: "Nimekuelewa, Baba. Lakini wewe ukila mlenda ni hamu. Mimi nikila ni shida. Ukija siku nina nyama, nikupikie mlenda, nitakuwa nimekupikia. Ukija siku sina, utakuwa umenikuta."

Sijawahi kusikia jambo hili likielezwa vizuri zaidi, nami nimesoma vitabu kadhaa kuhusu chakula. Kwa mizani ya vitamini na madini mlenda unamshinda kuku yule wa wiki sita, wala sijabadili neno hilo. Lakini mizani hiyo haipimi tofauti aliyoitaja mama yule, kati ya kupika na kukutwa. Wanaotuhubiria kurudi kwenye vyakula vya asili, nami nikiwa mmojawapo, aghalabu ni watu ambao tayari waliviacha kwa hiari na wanaweza kuviacha tena kesho.

Kwa upande wa soda, nimejaribu njia kadhaa. Nimewaomba viongozi wa jumuiya watangaze kwamba daktari amenikataza, na kwamba maji yaliyochemshwa au togwa vitanifurahisha zaidi. Baadhi ya kaya zimefurahi kupunguziwa gharama. Nyingine zimenunua soda zisizo na sukari, ambazo ni za shida kupatikana vijijini, na kwa hiyo nimewaongezea mwendo. Mmoja aliniambia kwamba togwa anaweza kumpa yeyote apitaye. Mimi, je, nitajuaje kwamba nimekaribishwa? Sikuwa na jibu, na sasa ninalo nusu tu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mama yule alinitumia ujumbe kwa mzee kwamba nifike siku ya Jumatano. Nilipofika, meza ilikuwa na kitambaa kilekile. Mlenda ulikuwa katikati, ndani ya bakuli la kioo lenye mfuniko, ukiwa na karanga nyingi, na ugali wa mtama ulikuwa umefinyangwa ukawa laini kama yai. Kando yake palikuwa na kuku, mzima, asiyeguswa. Watoto walikuwa wameketi nasi. Nilikula mpaka mama akaanza kucheka, akasema sasa anaamini kweli nimetoka Dodoma.

Kisha akamwita mwanawe mdogo, na yule mtoto akaja kutoka ndani ameshika chupa kwa mikono yote miwili. Ilikuwa ya machungwa, ya moto kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika dukani. Mama akaifungua yeye mwenyewe, akaimimina katika bilauri, akaniwekea.

Nikainywa.