Jina la Gari Si Injini Yake

Zipo familia za askari zinazojinyima miaka mingi ili zipate gari moja. Mdogo wangu, aliyetumikia Somalia katika majeshi ya kulinda amani, ameweka akiba ya namna hiyo, nasi nyumbani Kanyosha tumekuwa tukishauriana. Shemeji yetu aliye Marekani asema injini ya lita 2.5 ni ndogo. Binamu yetu aliye Ubelgiji aiona kuwa anasa. Wote wawili wasema kweli, kila mmoja kwa nchi aishiyo.

Sababu mojawapo kubwa ni kodi. Tangu 1993 serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 kwa galoni ya petroli, yaani kiasi cha senti 5 kwa lita, ingawa majimbo huongeza kodi zao. Umoja wa Ulaya hauruhusu nchi mwanachama kutoza chini ya senti 35.9 za euro kwa lita. Ndiyo maana Wamarekani walizoea injini kubwa, na watu wa Ulaya wakapendelea ndogo. Japani nayo hutoza kodi ya mwaka kwa kufuata ukubwa wa injini.

Basi kiwanda hubadili jina na injini kwa kufuata soko. Vitz ya Japani ya 1999 iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, ikianzia na injini ya lita 1.0, Yaris iliyoingia Marekani mwaka 2006 ilikuwa na ya lita 1.5 tu. Harrier ya 1997 ilipatikana Japani kwa lita 2.2 au 3.0, Marekani iliitwa Lexus RX 300, nayo ilikuwa na lita 3.0 peke yake.

Je, sisi tufuate kipimo cha nani? Uhaba wa petroli ulitufundisha. Baada ya kungoja katika misururu mirefu, mwenye injini kubwa alikwenda safari chache kwa kile kidogo alichopata. Lakini udogo nao una mpaka. Mdogo wangu humpandisha mama yetu katika milima ya Ijenda pamoja na watoto na mizigo. Kwa kazi hiyo tumeona lita 1.3 yafaa kuliko 1.0.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, mume na mke wafungue boneti na kulisoma bati. Katika Vitz za toleo la kwanza, SCP10 ni ya lita 1.0 na NCP10 ni ya lita 1.3. Ziandikwe herufi hizo na kupelekwa kwa wauza vipuri wa Buyenzi, wapate kuulizwa bei mapema. Maana kipuri hufuata injini, wala hakifuati jina lililobandikwa nyuma. Mwisho, nambari za gari zilinganishwe na kadi yake, moja baada ya moja. Zikitofautiana, fedha zibaki mfukoni.