Tulimleta Mlimani Apone

Sisi wazee wa Mwika, Kilimanjaro, tulikuwa na tiba moja kwa kijana aliyeharibikiwa na heroini mjini: arudishwe kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mtoto wa marehemu mdogo wangu tulimleta hivyo kutoka Dar es Salaam. Wiki ya kwanza arosto, yale maumivu ya kuikosa, ilimkunja, tukamfungia chumbani na kumwombea. Miezi mitatu baadaye alikuwa amenawiri kwa mtori na maziwa, anakata majani ya ng'ombe, anaimba kwaya. Tukasema amepona, tukampa nauli. Hata wiki mbili hazikuisha, akarudi ndani ya jeneza.

Kaburini tulitangaza kwamba aliugua ghafla. Wasifu niliusoma mimi. Tulishazoea: majeneza ya UKIMWI yalipopanda mlima miaka ya 1990, tuliyaita malaria.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza, polepole, akichelea kuniumiza. Mwili uliokaa bila unga, yaani heroini, husahau kuustahimili. Mtu akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inazimika. Kumbe ile miezi mitatu tuliyojivunia ndiyo iliyomsogeza karibu na kifo, na hakuna kati yetu aliyejua kumwonya.

Wakati huo hospitali ya Muhimbili ilikuwa tayari inatoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu Februari 2011. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anakwenda kazini. Nilikuwa nikisema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Nilikosea vibaya. Anayekunywa dozi ile mwili wake hausahau, hivyo hata akiteleza siku moja, ana nafasi kubwa zaidi ya kuamka kesho.

Ipo pia naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini na kurudisha pumzi kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba hata ndugu na marafiki wa watumiaji waweze kuipata, wafundishwe kuitumia. Maana wao ndio wanaokuwepo. Wenzake walimsikia mwanetu akikoroma kwa nguvu, wakadhani amelala. Koromo lile, midomo ikibadilika rangi, ni mtu anayekata roho: apuliziwe pumzi, akipumua alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Krismasi iliyopita jirani alimleta mtoto wake. Nilimkuta kijana migombani, akaniamkia, "Shikamoo, babu." Sikumuuliza kama ataacha. Nilikaa naye chini, nikamwambia mwanetu alikufa kwa nini.