Swali la Mama Nililolikwepa

Mwaka 2018, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa Tanzania nzima kwa wasichana wa miaka 14, nilikuwa muuguzi wa zahanati huku Kisiba. Kwenye semina tulifundishwa vizuri: chanjo itunzwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, sindano ichomwe begani, dozi ya pili baada ya miezi sita. Tuliambiwa pia tuwashauri wazazi bila kusita. Hilo nililiandika kwenye daftari, nikaishia hapo.

Mama mmoja alikuja na binti yake. Alikuwa anaelekea gulioni, akautua mkungu wa ndizi mlangoni, akaniuliza: "Nesi, wanasema hii sindano inafunga kizazi. Ungekuwa wewe, binti yako ungemchoma?" Jibu nilikuwa nalo. Nilijua kwamba virusi vya HPV aina ya 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo inayowaua mama zetu. Nikamjibu, "Mama, huo ni uamuzi wenu wazazi." Akajitwisha mkungu wake, wakaondoka.

Niliogopa. Uvumi ulikuwa umezagaa sokoni, hata kanisani, nami nikajiambia kwamba siku msichana mmoja akichelewa kupata mtoto, nitakayeulizwa ni mimi. Woga ule nikauita heshima kwa mzazi. Lakini mama yule hakuja kuniomba ruhusa. Alikuja kwa mtu aliyesomea kazi hii akitaka neno moja tu, nikamnyima. Mtu aliyekwisha kusikia kwamba chanjo inafunga kizazi, akiona muuguzi anakwepa swali, anajua ni kweli.

Binti akavuka umri bila kuchanjwa. Mwaka 2024, utaratibu ulipobadilika ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nilikwenda nyumbani kwao nikamwomba mama radhi, nikamweleza yale niliyopaswa kumweleza tangu mwanzo. Mdogo mtu akachanjwa. Dada yake sina cha kumrudishia.

Wauguzi wenzangu, mzazi akiwauliza, mwambieni: "Ndiyo, mchanje, hata wangu ningemchanja." Kisha mpeni sababu, na msikilize hofu yake. Nanyi akina mama ambao binti zenu walipitwa kwa sababu ya watu kama mimi, waambieni wakifika miaka 30 waende wakapimwe mlango wa kizazi. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, na majibu hutolewa papo hapo.