Siku Mbili katika Bonde la Lambwe

Likizo ziingiapo, wengi wetu wa Pwani huelekea Lamu au Unguja. Mara hii tuliipa bahari kisogo, tukavuka nchi hadi Kaunti ya Homa Bay, kupiga hema katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Watoto walitamani kumwona korongo. Si ndege mwenye miguu mirefu, bali swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Katika Kenya nzima, korongo wa porini hawapatikani ila hapa. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 tu.

Bonde la Lambwe limelala baina ya genge la Kanyamwa na vilima vya Gwasi. Ziwa Victoria liko nyuma ya vilima hivyo, lakini bondeni ni nyasi ndefu na migunga, na maji yetu yote tuliyachukua kwa mitungi. Tuliwaona twiga, kongoni na taya wadogo wenye mbio. Korongo hatukumwona.

Aliyetupokea ni mbung'o. Hatujamaliza kukaza kamba za hema, wakaanza kutuuma, na aliyeandamwa zaidi ni bibi yao watoto, aliyevaa buibui. Tukaingiwa na hofu ya malale. Mama watoto akasema turudi mjini jioni ile ile, watoto wakalia. Tukamwendea askari wa mbuga kumtaka shauri.

Akatuonyesha mitego iliyotundikwa vichakani: vitambaa vya buluu na vyeusi. Mbung'o, alisema, huvutwa na rangi hizo. Tukatazamana: buibui la bibi lilikuwa jeusi, na turubai letu la buluu! Akatutuliza kuhusu maradhi. Lambwe ilipatwa na mlipuko wa malale mnamo mwaka 1980, lakini kazi ya miaka mingi ilizaa matunda: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeyatokomeza kama tatizo la afya ya umma.

Kisha akatuambia neno tusilolitarajia. Zamani watu waliogopa kulima na kufuga bondeni kwa sababu ya mdudu huyu. Pori likasalia pori, na korongo wakasalia humo, hali kwingineko walikwisha. Serikali ilipolifanya hifadhi mwaka 1966, na mbuga ya kitaifa mwaka 1983, mbung'o alikwisha kuwa mlinzi wake wa miaka mingi. Leo hofu imepungua na mashamba yamefika ukingoni mwa mbuga. Ulinzi ule sasa umewaangukia wanadamu.

Tukabaki. Turubai tulilikunja. Bibi hakukubali kulivua buibui, akajitanda juu yake leso nyeupe, na mbung'o wakampunguzia adha. Jua lilipotua wakatoweka wote. Tukaswali Magharibi na Isha kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa. Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Lambwe, iliyo magharibi zaidi, tuligeuka kidogo kuelekea mashariki.

Asubuhi ya kuondoka, binti yetu mdogo aliuliza kama tumesafiri bure. Bibi akamjibu: "La, mjukuu wangu. Amana hulindwa hata na asiyeiona." Tangu hapo mtoto hakunung'unika tena.

Kwa atakayependa kwenda: chukueni nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu, maji ya kunywa na ya udhu, na subira. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa viumbe vyake. Amin.