Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mji wa Mbale huwa bado umelala. Mwamba wa Wanale, unaousimamia mji huo upande wa mashariki, huonekana kama ukuta mweusi, na jua bado liko mbali nyuma yake. Wakati huo Sajini mmoja wa polisi, mwenye umri wa miaka 47, hufungua mlango wa nyumba yake ya kota taratibu asije akawaamsha watoto, akafunga kamba za raba zake kizingitini, akatoka barabarani. Haendi doria. Anakwenda kukimbia, peke yake, kwa mwendo ambao mwanafunzi wa darasa la tano angeweza kumpita bila taabu.

Ilimchukua Sajini huyo karibu mwaka mzima kujifunza kukimbia hivyo. Mbio alizijua tangu ujana wake. Kilichomshinda ni kuukubali upole.

Alipokuwa kuruta, miaka 24 iliyopita, alikuwa miongoni mwa wale waliofika mbele kila kikosi kilipopelekwa mbio ndefu. Mkufunzi alimtaja mbele ya wenzake, naye hakuisahau sifa hiyo. Kisha kazi ikamkalisha. Kwanza alikaa juu ya gari la doria, baadaye nyuma ya meza ya kituo, kalamu mkononi na kitabu cha matukio mbele yake. Chai ya sukari nyingi ikawa rafiki wa zamu za usiku. Mkanda wake ulihitaji tundu jipya, na baada ya miaka michache tundu jingine. Hata hivyo, moyoni mwake aliendelea kujiona kuruta yule yule wa mbele, kana kwamba nafasi yake imetunzwa mahali fulani ikimngoja.

Msiba ndio uliomwamsha. Kaka yake mkubwa, mwanajeshi mstaafu, aliamka asubuhi moja akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia wala kutamka jina la mkewe. Kabla ya juma kwisha alikuwa amezikwa. Alikuwa na miaka 52. Baada ya matanga Sajini alikwenda zahanati bila kumwambia mtu. Tabibu alimpima shinikizo la damu mara mbili, akamwita tena juma lililofuata, akampima mara ya tatu. Namba zilikuwa 156 kwa 98. Tabibu akampa dawa, akamwamuru kupunguza chumvi na sukari, kisha akamwambia maneno aliyoyaona mepesi mno: "Afande, tembea kwa haraka kila siku. Mwili ukizoea, kimbia kidogo kidogo. Usishindane na mtu."

Sajini aliyatii maneno ya mwanzo. Lile la mwisho hakulisikia.

Wala si ajabu. Askari hulelewa katika ngazi. Begani mwake mna alama inayomwonyesha nani wa kumpigia saluti na nani atakayempigia yeye. Katika gwaride huambiwa asimame wapi, na katika shabaha alama zake husomwa pamoja na za wenzake. Desturi hiyo ni njema kazini, maana bila ngazi amri isingetembea. Hatari yake ni kwamba mtu huivua sare jioni lakini ngazi akabaki nayo kichwani, akaipeleka hata pale isipotakiwa: katika ukubwa wa nyumba ya jirani, katika alama za mtihani za watoto, na katika barabara ya alfajiri.

Kwa majuma matano ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alitembea dakika tano, akakimbia dakika moja, akatembea tena. Lakini barabara ile haikuwa yake peke yake. Vijana wa kituo, konstebo wa miaka 22 na 23, nao walifanya mazoezi humo. Baadhi yao wametoka Kapchorwa, juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mtoto huenda shule na kurudi kwa miguu yake katika hewa nyembamba ya milimani. Walipompita walisema kwa adabu, "Habari za asubuhi, Afande," wakapotea mbele yake kama vivuli. Salamu ile ya heshima ilimchoma kuliko tusi.

Asubuhi moja hakuvumilia. Konstebo mmoja alipompita penye mwinuko, Sajini alikaza meno akamfuata. Hatua 100 za kwanza alijisikia kuruta tena. Katika hatua 100 zilizofuata kifua kiliwaka moto. Kabla ya kufika kileleni kitu kilikatika katika shavu la mguu wake wa kushoto, kama kamba ya nguo inavyokatika, akakaa chini kando ya barabara. Kijana hakujua kwamba alikuwa akishindana na mtu, naye aliendelea na safari yake. Sajini alirudi nyumbani juu ya bodaboda, akamwambia mkewe kwamba ameteleza.

Mkewe hakubishana naye. Alichemsha maji, akaleta kitambaa, akamfunga mguu. Siku ya tatu, alipoona mumewe ameketi kimya akiutazama ukuta, ndipo aliposema: "Baba watoto, mimi nina jiko moja na vyungu vingi. Maharage nayapikia moto wake, na mayai nayapikia moto wake. Siku nikiyapa maharage dakika za mayai, watoto watalala njaa. Yule kijana anakimbilia medali. Wewe unakimbilia nini?"

Sajini hakujibu upesi. Uani mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka sita, alikuwa akichora nyumba mchangani kwa kijiti. Alihesabu kimoyomoyo: ili mtoto yule amalize masomo, baba yake alipaswa kuwa hai kwa miaka 16 mingine walau. Kaka yake hakuipata miaka hiyo. Jibu lake ndilo hilo, na ndani yake hamkuwa na konstebo yeyote.

Alikaa bila kukimbia majuma manne. Katika muda huo alirudi kwa tabibu, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Alielezwa kwamba moyo wa mwanadamu una kikomo cha mapigo, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyopanda. Kanuni ya kukadiria ni kutoa umri katika 220: kijana wa miaka 23 hupata mapigo 197 kwa dakika, na mtu wa miaka 47 hupata 173. Hesabu hiyo ni ya makisio, na watu hutofautiana, lakini hakuna bidii inayoweza kuurudisha umri nyuma. Alielezwa pia kwamba misuli hupata nguvu mapema, ilhali kano zinazoifunga misuli kwenye mifupa huchelewa kukomaa. Kwa hiyo mtu wa makamo anayeanza mazoezi huhisi ana nguvu miezi kadhaa kabla miguu yake haijawa tayari kuzibeba nguvu hizo. Watu wawili wanaopanda mwinuko mmoja, basi, hawafanyi kazi moja. Mwinuko ni ule ule, ila kila mmoja anaupanda kwa moyo wake.

Katika siku hizo za kukaa, Sajini alikumbuka habari ya askari mwenziwe, John Akii-Bua wa Polisi ya Uganda. Katika michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza ya ndani katika fainali ya mita 400 za kuruka viunzi. Kwa kuwa uwanja hupinda, wakimbiaji wa mbio hizo hawaanzi katika mstari mmoja. Wa ndani huwekwa nyuma na wa nje huwekwa mbele, ili umbali wa wote uwe sawa. Kwa hiyo mtu wa njia ya kwanza huwaona wenzake wote mbele yake kabla bunduki haijalia. Akiamini macho yake, atadhani ameshindwa hata kabla ya kuanza. Akii-Bua alikimbia katika njia yake mwenyewe, akamaliza kwa sekunde 47.82, muda ambao binadamu yeyote alikuwa hajaufikia katika mbio hizo, akaipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Akamkumbuka na askari mwingine, Joshua Cheptegei, mwana wa Kapchorwa. Mwaka 2017, mjini Kampala, mbele ya watu wa nchi yake, Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo nguvu zikamwishia ghafla, akawa kama mtu anayetembea ndani ya maji, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, nchini Denmark, alishinda mbio hizo hizo, na baadaye akatwaa dhahabu za Olimpiki. Kama mwili wa bingwa kama huyo unaweza kudai deni lake mbele ya halaiki, mwili wa mtu wa makamo utaachaje kulidai?

Lakini kilichomsaidia Sajini kuliko habari zote hizo kilikuwa kitu alichokijua tangu ukuruta: mchakamchaka. Katika mchakamchaka hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia, na miguu yote hupiga chini pamoja. Kikosi kikipata pumzi ya kuitikia, mwendo ni sawa. Sauti zikianza kukatika, kiongozi mwenye busara hupunguza hatua. Wimbo ndio kipimo. Hata tabibu alikuwa amemfundisha jambo hilo hilo kwa maneno mengine: mwendo unaomfaa mtu ni ule unaomwezesha kuzungumza akiwa anakimbia.

Aliporudi barabarani aliiacha saa yake juu ya kabati. Aliimba polepole, kwa sauti ya chini, nyimbo za kuruta. Wimbo ulipokatika, alitembea mpaka ukarudi. Nyumbani alifungua daftari la mtoto lililobaki kurasa, akaandika mambo mawili tu: tarehe, na dakika alizokuwa nje. Kasi hakuiandika. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Sajini alitoka siku nne kwa dakika 40, na siku za katikati aliupumzisha mguu. Hizo ni dakika 160, nazo zilitosha.

Isidhaniwe kwamba ngazi ilimtoka kichwani mara moja. Miezi michache baadaye alimkuta barabarani mfanyabiashara mmoja mnene, mzee kuliko yeye, akijikokota. Sajini alimpita, na moyo wake ukaingiwa na utamu. Alikwenda hatua 50 na utamu huo kabla ya kutambua kwamba ulikuwa ni ule ugonjwa wake wa zamani, umegeuza uso tu. Anayefurahia kumpita mmoja ameshakubali kuumizwa na atakayempita kesho. Alipunguza mwendo, akamngoja yule mzee, akamwamkia. Walitembea pamoja mpaka njia panda, wakizungumza habari za bei ya mahindi.

Leo namba zake ni 136 kwa 86. Dawa anaendelea nazo kama alivyoamriwa, kwa maana mbio hazikuja kuchukua nafasi ya tabibu. Mkewe naye hutoka jioni na wanawake wawili wa kota, kwa mwendo wao na mazungumzo yao. Vijana wa Kapchorwa bado humpita Sajini kila asubuhi. Kuna siku miguu yake husisimka kutaka kuwafuata, naye huiacha isisimke. Hunyanyua mkono, huitikia salamu, na wimbo haukatiki.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwenye kutaka kuanza, hasa aliyevuka miaka 40, na apimwe kwanza, aanze kwa kutembea, na akiona maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na kwenda zahanati. Akishaanza, asiutazame mgongo wa aliye mbele yake wala uso wa aliye nyuma.

Juma lililopita mtoto wa mwisho aliamka mapema, akamngoja baba yake mlangoni akiwa na kikombe cha maji. Baba alipofika, jasho likimtiririka na mwanga wa kwanza ukianza kuonekana juu ya Wanale, mtoto akauliza: "Baba, leo umekuwa wa ngapi?"

Sajini akanywa maji yote kabla ya kujibu. "Nimerudi nyumbani, mwanangu," akasema, kisha akaenda kuoga, kwa kuwa gwaride lilikuwa saa mbili.